Kondo la nyuma na kuzaa njiti, vinahusianaje?

MamaZai_Mbagala
Wapendwa, mwenye ujuzi anisaidie. Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 33. Presha ilipanda ghafla, wakanianzishia uchungu. Mtoto mzima, alhamdulillah, ananyonya mpaka namwonea huruma mwenyewe. Sasa mkunga aliligeuzageuza kondo kwenye beseni akasema, "Dogo hili, na lina mabaka." Basi, akaitwa kitanda kingine. Mama mkwe anasema ni zile ndoo za maji nilizokuwa nabeba. Nataka kuzaa tena. Je, kondo ndilo lililosababisha?

Nesi_Tabata
Hongera, mdogo wangu. Ndoo mwachie mama mkwe. Mishipa ya damu ya mji wa mimba hutakiwa itanuke tangu miezi ya mwanzo ili kondo lishibe. Isipotanuka vizuri, kondo hudumaa, sehemu zake hufa (mabaka huenda ndiyo hayo), na humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyopandisha presha. Ikifika hatua hiyo daktari hangoji wiki 37, maana tumboni kumeshakuwa hatari kuliko nje.

Na kwa Dar usisahau malaria, nayo huweza kuleta njiti. Vimelea hujibanza kwenye kondo, ukitobolewa kidole kipimo kinasema huna. Ndiyo maana SP (vidonge vya kukinga malaria) tunampa hata asiyeumwa, miezi mitatu ya kwanza ikishapita, tena ameze mbele yetu. (Wanaotumia septrini hawapewi.) Kuna wanaozificha kwenye khanga, tunakuja kuzikuta chini ya benchi!

Mimba ijayo wahi kliniki kabla ya wiki 12, na la kwanza useme ulipata presha ukazaa njiti. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo. Usijinunulie dukani.

BabaMapacha
Mke wangu kondo lake lilibanduka kabla ya kuzaa. Damu iliyotoka ilikuwa kidogo tu, ila tumbo gumu kama ubao. Nusura tusubiri kukuche.

Nesi_Tabata
Damu huweza kubaki ndani, isikudanganye. Tumbo likikaza lisilegee, tena likiuma, ita bajaji usiku huohuo.

MamaZai_Mbagala
Asante dada. Kadi ya mimba iliyopita niende nayo?

Nesi_Tabata
Nenda nayo, na karatasi ya kuruhusiwa wodini kama unayo. Humo ndimo presha zako zilimoandikwa.