Je, rada ya kupimia barabara inastahili gharama yake Mtwara na Lindi?

Mkazi wa Newala: Ndugu zangu, naunga mkono rada inayofungwa kwenye gari na kusoma unene wa tabaka za barabara gari likiwa mwendoni. Tundu moja la sentimita 10 linalotobolewa kwenye lami hueleza habari za mahali hapo tu, na fundi wa maabara akitaka, huchagua pazuri pa kutoboa.

Fundi wa maabara, Masasi: Ndugu wa Newala, maneno yako ya mwisho yameniumiza. Nimechimba juani kwa miaka 12 vishimo vya kipimo cha mchanga, kinachoonyesha tabaka limeshindiliwa kiasi gani. Udongo wake hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 105 usiku kucha, na asubuhi jibu linapopatikana, mkandarasi ameshamwaga tabaka linalofuata. Mahali pa kupima hupangwa na mhandisi mshauri, si mimi. Rada yenyewe haipimi nguvu ya udongo wa chini, na usomaji wake wa unene huhakikiwa kwa vipande vya lami tunavyovitoa kwenye matundu hayohayo.

Mkazi wa Newala: Niwie radhi, kaka, sikukulenga wewe. Hata hivyo, kama jibu huja tabaka likiwa limeshafunikwa, basi kipimo cha mionzi, ambacho hutoa jibu la ushindiliaji kwa dakika chache, kinahitajika kuliko hata rada.

Mkulima wa korosho, Tandahimba: Kipimo hicho kinataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, mtumishi aliyefunzwa na stoo maalumu, na zote hizo ni gharama za kila mwaka. Mimi bado niko kwenye rada. Udongo wetu wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, changarawe nzuri husombwa kwa malori kutoka mbali, na hapo ndipo kishawishi cha kupunguza unene kinapoingia. Unene ukipungua, malori ya korosho yataimaliza barabara kabla ya wakati wake, na gharama ya kuijenga upya tutaibeba sisi.

Fundi wa maabara, Masasi: Kuhusu unene nakubaliana nawe, mzee wangu, ila rada ikodishwe kwa mkoa mzima wakati wa kukabidhi kazi, badala ya kila halmashauri kununua yake, na fedha itakayobaki itununulie tanuri la pili. Ndugu wa Newala ameomba radhi kwamba hakunilenga mimi. Kauli yenyewe, kwamba mafundi huchagua pazuri pa kutoboa, bado hajaifuta.