Patriots na wapokeaji wa pembeni: zaidi ya miaka 20 ya kuchagua vibaya, na bado tunaambiwa ni bahati mbaya

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Jumamosi ya tarehe 28 Desemba 2024 nilikuwa katika uwanja wa Gillette, Foxborough, nyumbani kwa timu yetu ya New England Patriots, pamoja na mwanangu mwenye umri wa miaka 12. Tulitoka Lowell asubuhi, tukiwa tumevaa makoti mawili mawili, na tiketi zile nilizidunduliza tangu Septemba. Los Angeles Chargers walitufunga 40 kwa 7 mbele ya macho yetu. Kilichoniuma zaidi ya matokeo ni kijana mmoja wa Chargers, Ladd McConkey, mpokeaji wa pembeni aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, ambaye siku hiyo alidaka tachidauni mbili, yaani pasi mbili za kufunga. Alipodaka ya pili mwanangu alinivuta mkono wa koti akaniuliza: "Baba, huyu si yule ambaye tungemchukua sisi?" Nilimwambia ndiye. Akauliza kwa nini hatukumchukua, nami sikuwa na jibu ambalo mtu mzima anaweza kumpa mtoto bila kuona aibu. Tangu siku hiyo swali lile sijaacha kulifikiria, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwa ndugu walioko nyumbani ambao hufuatilia mchezo huu kwa mbali, nieleze kwa ufupi. Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huchagua wachezaji wanaotoka vyuoni kwa zamu, raundi saba kwa siku tatu, na zoezi hilo huitwa drafti. Timu huweza kubadilishana zamu hizo. Mpokeaji wa pembeni ni yule anayesimama karibu na mstari wa pembeni, anamkimbia mlinzi wake, kisha anadaka pasi ndefu za kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira. Timu isiyo na wapokeaji wa kuaminika humwacha mrushaji wake amesimama na mpira mkononi akitafuta mtu aliye wazi, asimpate, mpaka anaangushwa. Mwaka 2024 tulimchukua kwotabeki Drake Maye kwa zamu ya tatu, jambo ambalo nalipongeza kwa moyo wote. Kesho yake, raundi ya pili, zamu ya 34 ilikuwa yetu na McConkey alikuwa bado hajachukuliwa. Viongozi wetu wakawauzia Chargers zamu hiyo, wakashuka hadi ya 37, na badala yake wakasogezwa kutoka ya 137 hadi ya 110 katika raundi ya nne. Chargers wakamchukua McConkey papo hapo. Sisi tukamchukua Ja'Lynn Polk kwa zamu ya 37 na Javon Baker kwa ile ya 110.

Tazameni kilichofuata. McConkey alimaliza msimu na pasi 82, yadi 1,149 na tachidauni 7, na katika mechi ya mtoano dhidi ya Houston Texans akaongeza yadi 197. Polk alidaka pasi 12 kwa yadi 87 msimu mzima. Baker alidaka pasi moja. Kabla msimu wa pili haujashika kasi, Baker alikuwa ameachwa na Polk amepelekwa New Orleans Saints. Tuliuza mchezaji aliyekuwa tayari mikononi mwetu kwa sababu ya tamaa ya kupata wawili, na leo hatuna hata mmoja kati ya hao wawili.

Lau lingekuwa kosa la mwaka mmoja, nisingeandika. Ninaandika kwa sababu nimeishi hapa Massachusetts tangu mwaka 2001, na filamu hii nimeiona mara nyingi mno.

Mwaka 2019 ndio unaoniumiza kuliko yote. Tulikuwa mabingwa, tukapata zamu ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, tukamchagua N'Keal Harry wa Arizona State. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bill Belichick, kocha wetu wa wakati huo, kumchagua mpokeaji katika raundi ya kwanza tangu aje New England mwaka 2000, kwa hiyo tuliamini kwamba safari hii kazi imefanywa kwa makini. Harry alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana, na chuoni alisifika kwa kupanda juu ya mlinzi na kumnyang'anya mpira hewani. Lakini hata chuoni alikuwa akidaka huku amebanwa, kwa sababu hakuwa na miguu ya kumwacha mlinzi nyuma, na katika NFL walinzi hawanyang'anywi kirahisi namna hiyo. Kwa misimu mitatu alidaka pasi 57, yadi 598, tachidauni 4, kisha akapelekwa Chicago kwa zamu ya raundi ya saba. Picha ninayobaki nayo ni ya usiku ule wa upepo mkali kule Buffalo, Desemba 2021, mpira uliopigwa teke ulipoteremka na kumgonga kwenye kofia yake ya chuma, wakauokota Bills karibu kabisa na lango letu, na mara wakafunga. Tulishinda usiku ule, lakini mtu aliyechukuliwa kwa zamu ya raundi ya kwanza alikuwa akihangaika kuukwepa mpira.

Sasa someni majina ya waliochaguliwa baada yake mwaka huo huo. Deebo Samuel alikwenda San Francisco kwa zamu ya 36. A.J. Brown alikwenda Tennessee kwa zamu ya 51, chini ya kocha Mike Vrabel, huyu huyu ambaye leo ni kocha wetu, na akafikisha yadi 1,051 katika msimu wake wa kwanza. DK Metcalf alikwenda Seattle kwa zamu ya 64. Terry McLaurin alikwenda Washington kwa zamu ya 76, na kuanzia 2020 hadi 2024 hakupita msimu hata mmoja bila kuvuka yadi 1,000. Wote hawa walikuwepo mezani sisi tulipokuwa tunachagua.

Nyuma ya hapo hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2006 tulitamani kupanda ngazi, tukawapa Green Bay zamu ya 52 na ya 75 ili watupe ya 36, tukamchukua Chad Jackson. Kwa zamu yetu ile ya 52 Green Bay wakamchukua Greg Jennings, ambaye baadaye alidaka tachidauni mbili katika Super Bowl, fainali ya NFL, waliyoshinda. Jackson alitudakia pasi 13. Goti lake liliumia, sikatai, lakini hata kabla ya goti hakuwa ameonyesha jambo. Mwaka 2003 tulimchukua Bethel Johnson kwa zamu ya 45 kwa sababu ya mbio zake, na zamu tisa baadaye Arizona wakamchukua Anquan Boldin, kijana ambaye timu nyingi zilimdharau kwa kuwa alikuwa mzito katika zile mbio za yadi 40 ambazo vijana hupimwa kabla ya drafti. Msimu huo huo Boldin alidaka pasi 101. Mwaka 2009 tulimchukua Brandon Tate kwa zamu ya 83, na zamu iliyofuata, ya 84, Pittsburgh wakamchukua Mike Wallace. Mwaka 2013 ilikuwa Aaron Dobson kwa zamu ya 59, wakati Keenan Allen alisubiri hadi ya 76 na bado akapata yadi 1,046 katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 2022 tulitoa zamu ya ziada ya raundi ya tano ili tupande hadi ya 50 na kumchukua Tyquan Thornton, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.28, zamu mbili baadaye Pittsburgh wakamchukua George Pickens. Thornton aliachwa Novemba 2024 baada ya kudaka pasi 39 kwa misimu mitatu isiyokamilika.

Malcolm Mitchell wa mwaka 2016 simtii katika hesabu hii. Kijana yule alidaka pasi 6 za yadi 70 katika Super Bowl tuliyowapindua Atlanta, kisha goti likammaliza. Hiyo ndiyo bahati mbaya. Hayo mengine si bahati.

Katika drafti zote 24 za Belichick, kuanzia 2000 hadi 2023, hakuna mpokeaji hata mmoja aliyechaguliwa katika raundi tatu za mwanzo ambaye aliwahi kufikisha yadi 1,000 katika msimu mmoja akiwa amevaa jezi yetu. Aliyekaribia zaidi ni Deion Branch, wa zamu ya 65 mwaka 2002, aliyeishia yadi 998 mwaka 2005. Timu iliyochukua ubingwa mara sita katika kipindi hicho!

Hapa ndipo huja watetezi na kauli yao ile ile, kwamba mfumo wetu wa ushambuliaji ni mgumu, kwamba mpokeaji anatakiwa ausome ulinzi wakati anakimbia na kubadilisha njia kulingana na mlinzi alivyosimama, na kwamba kwotabeki naye lazima asome vivyo hivyo kwa wakati huo huo, jambo ambalo vijana wa vyuo hawajalizoea. Ni kweli kabisa. Lakini ikiwa unajua kwamba kazi yako inahitaji mtu anayeusoma ulinzi, kwa nini unapokuwa na zamu ya thamani unamtafuta mwenye kimo na mwenye kasi? Mfumo haukushushwa kutoka mbinguni. Walioutunga ndio hao hao waliokuwa wakichagua.

Na jibu walikuwa nalo nyumbani. Julian Edelman alichaguliwa raundi ya saba, zamu ya 232, mwaka ule ule wa Brandon Tate. Chuoni Kent State hakuwa mpokeaji kabisa, alikuwa kwotabeki. Ndiye aliyezamisha mkono chini ya mpira uliokuwa umebakiza unywele mmoja kugusa nyasi, katikati ya miguu ya walinzi watatu wa Atlanta, na ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa Super Bowl ya 2019. Jakobi Meyers hakuchaguliwa na timu yoyote katika ile drafti ya 2019. Alikuja kambini kwetu bila zamu, akamkuta N'Keal Harry amepewa kila nafasi, na mwaka 2020, 2021 na 2022 ni Meyers aliyeongoza timu kwa yadi za kudaka. Naye aliingia chuo cha North Carolina State akiwa kwotabeki. Wes Welker, tuliyemnunua kutoka Miami mwaka 2007, hakuwahi kuchaguliwa na mtu, na kimo chake watu walikicheka. Wote watatu hawakuwa wenye kasi ya kutisha. Walijua mahali patakapokuwa wazi kabla hapajawa wazi. Mtu ambaye amewahi kusimama nyuma ya mstari na kurusha mpira anajua mrushaji anatafuta nini, na sielewi ni vipi klabu iliyovuna matunda hayo kwa zamu za mwisho au bila zamu kabisa ilishindwa kutumia akili hiyo hiyo kwenye zamu za mwanzo.

Gharama yake tumeilipa sisi sote. Kwa kuwa Harry hakuwa tayari, mwaka 2019 tuliwapa Atlanta zamu ya raundi ya pili ili kumpata Mohamed Sanu, akadaka pasi 26 na kuachwa kabla ya msimu uliofuata. Mapema 2020 kwotabeki wetu Tom Brady akaondoka. Sisemi aliondoka kwa sababu ya wapokeaji peke yao, lakini mliotazama msimu ule wa mwisho mnakumbuka alivyokuwa akirusha mpira nje ya uwanja kwa kukosa mtu. Mwaka 2023 tukamwacha Meyers aende zake Las Vegas, tukamsajili JuJu Smith-Schuster, ambaye alipata yadi 260 msimu ule. Kuanzia 2020 hadi 2024 hakuna mpokeaji wetu aliyefikisha yadi 1,000. Vijana wawili wa kurusha, Mac Jones na baadaye Maye, waliingia katika ukame huo.

Nilikuwa miongoni mwa walioamini kwamba Belichick akiondoka, mambo yatabadilika. Ameondoka Januari 2024, na miezi mitatu baadaye tukauza zamu ya 34. Kwa hiyo siwezi tena kulitupia lawama kaburi la utawala uliopita. Maskauti wanaotazama vijana hawa, vigezo wanavyovipima, na mtu anayesema neno la mwisho usiku wa drafti, vyote hivyo vinapaswa kuchunguzwa na kuelezwa hadharani, kwa sababu sisi tunaolipa tiketi na jezi tuna haki ya kuelezwa.

Kyle Williams, aliyechukuliwa kwa zamu ya 69 mwaka 2025, simhukumu kwa sasa; kijana apewe muda wake. DeMario Douglas na Kayshon Boutte, wote wa raundi ya sita mwaka 2023, nawaheshimu kwa walichokifanya kuliko walivyotarajiwa. Angalieni lakini, hata hapo ni zile zile zamu za mwisho.

Anayetaka kuitetea klabu namkaribisha, ila asije na neno "bahati". Aniambie kwa mchezaji mmoja tu: usiku ule wa Aprili 2024, McConkey akiwa mezani na zamu ikiwa yetu, ni nini walichokiona kwa Polk ambacho Chargers hawakukiona? Mwanangu bado anasubiri jibu, nami pia.