Omeprazoli nimeze saa ngapi? Kiungulia cha usiku kinanitesa

Muuza Ndizi, Moshi
Wakuu heshima kwenu. Daktari kaniandikia omeprazoli miligramu 20, kapsuli moja kwa siku. Nameza usiku nikishakula, maana usiku ndio moto unapanda mpaka kooni. Alfajiri niko Mbuyuni sokoni, chai naipata saa nne. Mbona dawa haishiki? Nianze kumeza mbili?

Mangi Mdogo
Pole mkuu. Achana na vidonge, piga maziwa baridi ulale.

Mfamasia wa Ngarenaro
Mangi, maziwa yanapoza kidogo tu, baadaye tumbo linamwaga asidi tena.

Muuza Ndizi, usiongeze dozi, badilisha saa kwanza. Omeprazoli haigusi asidi ambayo tayari iko tumboni. Inafunga pampu zinazoimwaga, tena zile zilizo kazini tu. Ukiwa na njaa, pampu nyingi zimelala, ukila zinaamka. Na dawa yenyewe haikai kwenye damu, saa chache imeisha. Ukiimeza umeshiba inachelewa kuingia, ikifika pampu zimeshaanza kutulia.

Imeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kwako wewe ni saa tatu na robo hapo hapo kwenye meza ya ndizi, saa nne chai na chapati. Usiitafune, zile punje za ndani zina ganda la kuzikinga na asidi. Ipe siku tatu mpaka tano ndio uilaumu.

Muuza Ndizi, Moshi
Ya asubuhi itanifikisha usiku kweli?

Mfamasia wa Ngarenaro
Pampu ikishafungwa haifunguki, mwili mpaka utengeneze mpya, ndiyo maana kapsuli moja inashika siku nzima. Usiku ukizidi kusumbua, muulize daktari kuhusu kuihamishia kabla ya mlo wa jioni, au famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, wakati wa kulala. Hiyo haisubiri chakula, ila ukiizoea kila siku inapungua nguvu.

Dada wa Sakina
Kaka, unakula saa ngapi usiku? Mimi nikilala kabla ya masaa matatu kupita tangu nile, hakuna dawa inayonisaidia. Na bakteria wa vidonda umepima?

Mfamasia wa Ngarenaro
Swali zuri. Kabla ya kipimo cha choo cha hao bakteria waambie unatumia omeprazoli, kwa kawaida husimamishwa wiki mbili, la sivyo majibu yanadanganya. Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, unakonda au chakula kinakwama, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC leo leo.

Muuza Ndizi, Moshi
Hayo sina, namshukuru Mungu. Kesho saa tatu na robo. Dada, machalari yetu huiva saa nne usiku, hilo nalipeleka kwa mama watoto taratibu 😂