Mnaouza "Maskati siku 3: mlima na msosi", acheni kuwapandisha watu jabali saa 4 asubuhi!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na simung'unyi maneno.

Matangazo ya wikiendi ya Maskati, mji mkuu wa Oman, yamejaa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram: Dar, Unguja, Mombasa, mpaka kwa ndugu zetu walioko Dubai na Doha. Picha ni ileile, korniche (barabara ya ufukweni) ya mtaa wa Matrah, jabali kwa nyuma, sinia la wali na nyama kwa mbele. Ratiba nazo zimenakiliwa pamoja na makosa yake: Ijumaa saa 4 asubuhi kupanda mlima, mchana soko na chakula, jioni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Jumamosi mlima Jebel Shams kwenda na kurudi, usiku "shuwa ya shimoni na kambakoche" (shuwa ni nyama inayopikwa shimoni). Anayeijua Maskati akisoma ratiba hiyo anaona kuwa karibu kila kitu kimepangwa saa isiyowezekana. Na watu wanalipa! Wanalipia na watoto na wazee wao.

Naanza na mlima, maana huo unaweza kuua.

Njia wanayouza ni C38, kutoka Riyam hadi Matrah. Ina kilomita 2 na nusu hivi, na ufupi huo ndio wanaoutumia kuwapotosha watu: "ni matembezi ya saa moja tu". Uongo. Mtu mzima mwenye pumzi hutumia saa moja na nusu hadi mbili, familia yenye mtoto inakwenda mpaka mbili na nusu. Inaanzia nyuma ya bustani ya Riyam, penye lile chetezo kubwa jeupe, kwa ngazi za mawe. Mpando wote mkali uko hapo mwanzoni, unapanda kama mita 200 huku mwili bado haujachangamka. Anayezikimbilia ngazi hizo anafika juu mapaja yanatetemeka, na sehemu inayotaka miguu imara ndiyo inaanza: mteremko wa changarawe zinazoteleza, kuingia bondeni, kupita magofu ya makazi ya zamani, kisha mawe ya mkondo mkavu mpaka unatokea kwenye nyumba za nyuma ya soko la Matrah. Vifundo vya miguu vinateguka kwenye kuteremka. Muulize wakala wako kama amewahi kuliambia kundi lake neno hilo.

Alama za njia ni mistari ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa kwenye mawe. Ukitembea hatua mia bila kuona alama, rudi kwenye ile ya mwisho. Usikate njia ya mkato hata kama soko unaliona kwa macho, kwa sababu vijibonde vya pembeni vinaishia kwenye miporomoko.

Sasa joto. Majabali ya Matrah ni mawe meusi-meusi ya hudhurungi, wanajiolojia wanayaita ofioliti, hayana mti wala kivuli cha maana. Jua likishayapiga saa tatu yanarudisha joto usoni kwako, na ndani ya bonde upepo haupiti. Ongeza unyevu wa bahari: jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Hapo ndipo watu wa pwani yetu wanapodanganyika kwa kusema "joto tumelizoea". Joto la Dar linafika 32 au 33. Maskati mwezi Juni mchana ni 40 na kupanda, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 30. Quriyat, iliyo ndani ya mkoa huohuo wa Maskati, Juni 2018 ilipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Sheria ya Oman inakataza kufanyisha watu kazi juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni mpaka Agosti. Serikali inawatoa vijana wenye misuli kwenye majengo, halafu wewe unampandisha mama wa miaka 60 jabalini kwa sababu umeshachukua hela yake?

Saa sahihi ni hizi. Novemba hadi katikati ya Machi ndio msimu. Desemba jua linachomoza kama saa 12:40 asubuhi, kwa hiyo kundi liwe kwenye ngazi za Riyam saa 12:30 na liwe Matrah kabla ya saa 3. Aprili na Oktoba, anzeni mwanga wa kwanza tu na saa 2 muwe mmeshamaliza. Mei hadi Septemba njia hii isiuzwe kabisa. Uza matembezi ya korniche usiku, uza mashua, uza chochote, lakini si jabali.

Maji: lita 2 kwa kila mtu msimu wa baridi, lita 3 Aprili na Oktoba, na kila mtu abebe yake. Kumrundikia mwongozaji chupa zote ni kosa, maana kundi likigawanyika mbele na nyuma, wa nyuma ndio wenye kiu na ndio wasio na maji. Pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji mwilini, ile ya dukani ya kutibu kuhara, zinatosha watu wanne. Viatu viwe vya kufunga kamba, soli yenye meno. Makubadhi na ndala hapana, na raba za zamani zilizokaa kabatini miaka zichunguzwe kwanza, kwani joto la mawe linaachanisha gundi ya soli katikati ya safari. Na kanuni moja ya kugeuka: nusu ya maji ikiisha kabla hujafika mgongoni mwa jabali, rudi Riyam kwa ngazi ulizopandia.

Mtu akianza kuyumba, kujibu maswali ovyo, au kutapika, hiyo si "uchovu kidogo". Kivulini mara moja, mmwagieni maji kichwani, shingoni na kwapani, mpepeeni, pigeni 9999, namba ya dharura ya Oman. Msimlazimishe kunywa kama hajitambui vizuri.

Mvua naitaja kwa kifupi: mbingu zikiwa na wingu la mvua upande wa milimani, hakuna C38, hakuna wadi (bonde la mkondo mkavu) yoyote. Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu, wakiwamo watoto wa shule. Soko la Matrah lenyewe huingia maji mvua ikiwa kubwa. Mkondo huo mkavu unaoupigia picha una kazi yake.

Haya, Ijumaa. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi soko la Matrah kwa sehemu kubwa limefungwa, linafunguka alasiri kuelekea jioni. Migahawa mingi midogo inashusha milango wakati wa Sala ya Ijumaa. Kwa hiyo kundi lako lililoanza mlima saa 4 linatokea Matrah saa 6, limeungua, limeishiwa maji, na milango imefungwa! Hata siku za kawaida soko hupumzika mchana, kuanzia saa 7 hivi mpaka saa 10. Msikiti Mkuu nao, kwa wageni wasio Waislamu, hufunguliwa Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Ijumaa hawaingii, na jioni hawaingii siku yoyote. Kuuza "Msikiti Mkuu Ijumaa jioni" kwa kundi lenye Wakristo ni kuwachukulia pesa kwa kitu kisichokuwapo.

Kuna na hili la Ramadhani. Mwaka 2026 na 2027 inaangukia Februari na Machi, katikati ya hali ya hewa nzuri ya mlima. Oman kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kisheria, awe Mwislamu au si Mwislamu. Kifurushi cha "mlima na msosi" cha Februari bila kumwambia mteja hilo ni dhuluma. Maisha ya chakula yanahamia usiku, na usiku huo ni mtamu kweli, lakini ratiba lazima igeuzwe yote.

Msosi sasa, na hapa nina hasira ya aina nyingine, kwa sababu chakula cha Maskati kinastahili heshima.

Shuwa ya kweli ni ya Idi. Nyama ya mbuzi, kondoo au ngamia inapakwa viungo, kitunguu saumu, bizari, giligilani, iliki, karafuu, pilipili na siki, inafungwa kwenye majani makavu ya mgomba, inatiwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti ya mtende, inashushwa kwenye shimo lenye makaa, linafunikwa na kufukiwa lisipitishe hewa. Inakaa humo usiku mmoja hadi miwili. Inaiva kwa joto la ardhi na mvuke wake yenyewe, ndiyo maana inaachana na mfupa bila kisu. Kitu hicho hakitengenezwi "kila usiku" kwa ajili ya watu sita. Mnachopewa mara nyingi ni nyama ya oveni iliyozungushiwa karatasi ya alumini kwa saa nne. Inaweza kuwa tamu, sikatai, ila iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Ukitaka kujua, uliza: shimo limefukiwa lini? Asiyeweza kujibu hana shimo. Na nje ya Idi, agizeni siku mbili kabla au msahau.

Nguru: kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba uvuvi wa nguru unafungwa Oman ili samaki wazaliane. Tangazo la Septemba linalosema "nguru mbichi wa leo kutoka soko la samaki Matrah" ni la uongo au ni la kuvunja sheria, chagueni. Kambakoche msimu wake ni Machi na Aprili. Wa Desemba ametoka kwenye friza, basi bei yake iwe ya friza. Mwezi ambao nguru amefungwa, kula jodari, na asubuhi ndio wakati wa kufika sokoni.

Kinachoudhi zaidi ni kuwa vyakula vitamu na vya bei ya chini hawavitaji kabisa. Mishkaki ya barabarani jioni, na mchuzi wake wa ukwaju. Karak, chai ya maziwa, ya baisa 100 hadi 200 (baisa 1000 ni riali moja). Mkate wa kumimina na mandazi kwa jamaa zetu wanaoongea Kiswahili, maana Maskati imejaa watu wenye asili ya Unguja na Pemba, unaweza kuagiza chakula kwa Kiswahili ukajibiwa kwa Kiswahili. Kwa nini mteja wa kwetu apelekwe hotelini kula saladi?

Sababu ni kamisheni. Na hotelini ndiko bili inakovimba. Kwenye migahawa ya hoteli na ya kitalii bei ya menyu huongezewa huduma asilimia 8, manispaa 5, utalii 4, kisha VAT 5. Chakula cha riali 20 kinatoka kama riali 24 na nusu. Riali moja imefungwa kwenye dola 2.60, kwa hiyo mlo mmoja wa mtu mmoja unakaribia dola 64. Wakala alikuandikia "takriban dola 50". Tofauti hiyo, mara watu wanne, mara milo mitatu, nani anailipa? Sikuzote mteja. Dai maandishi yanayosema kama bei ina tozo zote au haina.

Mwisho Jebel Shams "kwenda na kurudi Jumamosi". Kutoka Maskati ni kama kilomita 240, saa 3 hadi 3 na nusu kwa gari, kila upande. Njia ya ukingo wa korongo, W6, inataka saa 3 hadi 4 kwenda na kurudi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Hesabu: saa 9 hadi 11 bila kula, bila choo, bila foleni ya kuingia mjini jioni, na dereva mmoja ambaye pengine kazoea kuendesha kushoto wakati Oman wanaendesha kulia. Anayerudisha kundi usiku kwa dereva aliyechoka ili awahi kile chakula cha "shuwa" anacheza na roho za watu. Jebel Shams inalazwa usiku mmoja, na koti la baridi liwemo begini, kwani Januari usiku kule juu joto linakaribia sifuri. Na mnaobadilisha kwenda mlima wa Jabal Akhdar: pale Birkat al Mawz, chini ya mlima, kuna kizuizi cha polisi, gari lisilo la 4x4 halipiti. Msije mkakodi gari dogo kwa ajili ya kuokoa riali kumi mkarudishwa.

Kabla hujatuma senti, mwandikie wakala maswali haya na uyahifadhi majibu: mlima tunaanza saa ngapi na jua linachomoza saa ngapi siku hiyo? Mwongozaji ana leseni ya utalii ya Oman? Watu wangapi kwa mwongozaji mmoja? (Zaidi ya wanane kwenye C38 ni wengi mno.) Mkisitisha kwa joto au mvua, pesa inarudi kiasi gani? Akijibu "usijali, tumezoea", funga mazungumzo.

Kwa wanaouliza kwenye maoni kama nina chuki na biashara za watu: hapana. Nataka watu wetu waende Maskati, wapande jabali lile alfajiri wakiwa na maji, wale washibe, warudi salama. Aliye na ratiba aiweke hapa, afute jina la wakala na namba za simu, tutaikagua saa kwa saa. Wanaosafiri wiki hii waanze.