Mrejesho: folda zilizo ndani ya folda sasa zinaonekana

Wenzangu, niliuliza jinsi ya kuonyesha kwenye kivinjari folda za ofisi moja ya mawakili hapa Nairobi, zilizopangwa kwa mahakama, kisha mwaka, kisha mteja, bila kuandika msimbo mpya kwa kila ngazi. Nawashukuru mlionishauri niandike komponenti moja (kipande cha msimbo kinachochora sehemu ya ukurasa) inayojiita yenyewe: ikikutana na faili huonyesha jina na kuishia hapo, ikikutana na folda hujiita tena kwa kila kilichomo. Sasa mahakama ya Milimani, 2023 na jina la mteja hufunguka kwa mfuatano. Ili ukurasa usiwe mzito, seva huombwa yaliyomo pale tu folda inapofunguliwa.

Nililolipa uzito zaidi ni kibodi, kwa kuwa karani mmoja wa pale haoni na hutegemea programu ya kusoma skrini. Kila folda ina sifa ya HTML iitwayo `aria-expanded`, ambayo huwa `true` (kweli) folda ikifunguliwa, hivyo programu humtangazia hali ya folda hiyo. Mshale wa kulia hufungua folda, na wa kushoto huifunga au, ikiwa tayari imefungwa, humrudisha kwenye folda mama. Naomba sana yeyote anayejenga kitu cha aina hii aanze na hilo, asilisubirishe hadi mwisho.

Kuhusu mpangilio, "Kesi 10" ilikuwa ikitangulia "Kesi 2", kwani herufi zililinganishwa moja moja. Mbinu ya JavaScript ya kulinganisha maandishi, `localeCompare`, yenye chaguo la `numeric` linalosoma tarakimu kama namba nzima, imelimaliza tatizo hilo.