Fielder au Probox: kwa njia zetu za Malindi, lipi?

Jamani, naomba tulijadili hili kwa uzito, maana ni akiba ya mtu ya miaka. Mdogo wangu anatafuta gari la mkononi la kubebea mahindi na abiria wachache. Watu wanamwambia achukue Toyota Fielder ya 2008. Mimi namwambia Probox ya mwaka huohuo.

Injini ni ileile, 1NZ, cc 1,500, ya cheni ya taimingi. Tofauti iko kwenye giaboksi. Fielder nyingi za umbo lililotoka 2006 ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua. Probox ya wakati huo ni otomatiki ya kawaida, gia nne. Ukielekea Mombasa, kilomita 120 hivi za lami, Fielder inateleza: imetulia, haipigi kelele, mafuta inanusa tu. Probox tupu inarukaruka nyuma, na kwa kasi ya barabara kuu huwezi kuongea na abiria wako. Hilo nakubali.

Lakini vuka daraja la Sabaki, pita Gongoni, shika njia ya Marafa na magunia matatu nyuma. Probox iliundwa 2002 iwe gari la kazi, la kubeba kilo 400 na watu wawili. CVT ni mkanda wa chuma uliobanwa na puli mbili. Kwenye mchanga mzito injini inalia kwanza, gari linafuata baadaye. Fielder yetu nyumbani ilianza kutetemeka asubuhi, kisha ikawa inavuma. Tulipofungua sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, sumaku za ndani zilikuwa zimeganda unga mweusi kama tope la mikoko. Fundi alikuwa ametia oili ya otomatiki ya kawaida badala ya oili ya CVT. Giaboksi ikafa.

*Dereva, Watamu:*
Pole kaka, lakini kosa hilo ni la fundi, gari halina hatia. Mimi nabeba wageni. Kiti cha nyuma cha Probox ni chembamba, mgongo wima. Mgeni hafiki Mombasa bila kulalamika. Oili ya CVT namwaga kila kilomita 40,000, mwaka wa sita huu.

*Mchuuzi wa samaki, Ngomeni:*
Wanangu, mnabishania giaboksi na bodi mmeisahau. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanashuka chini ya zulia. Probox yangu injini nzima, sakafu ya nyuma kidole kinapenya. Inueni zulia kabla ya kutoa shilingi.

*Mwenye mada:*
Shukran mzee. Ile tuliyoiona Maweni ina zulia jipya kabisa, na mimi nilifurahia. Kesho narudi na jeki na tochi.

Kaka wa Watamu, abiria wa lami nakuachia. Ila njia yako si ya Marafa. Aliyepita huko na CVT na mzigo miaka kadhaa isimsumbue, aseme aliitunza vipi, nami nitamfikishia mdogo wangu.