Naombeni ushauri: kupiga upya picha ya maporomoko ya utotoni

Mwana wa Mtoni: Wakuu, naomba msaada wa haraka. Kuna maporomoko tuliyokuwa tukipelekwa utotoni, na nyumbani ipo picha yake ya enzi za filamu: jua la utosi, maji yanashuka, upinde wa mvua umetupita mbele. Nataka kuipiga upya wiki hii. Nikijaribu, upinde hautoki na maji yanakuwa doa jeupe tu. Nifanyeje?

Jicho la Tai: Maji meupe yanaungua, yaani mwanga umezidi. Punguza mwangaza hadi uone michirizi yake. Ukitaka yatoke laini, weka kamera kwenye stendi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, shata (muda wa kuingiza mwanga) nusu sekunde. Mchana utahitaji filta ya kupunguza mwanga. Ukitaka matone, shata 1/1000. Upinde unataka jua liwe mgongoni kwako. Kama una filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, izungushe taratibu, ukiikosea inaufuta upinde wote.

Mama Wawili: Mimi nilichumbiwa kwenye maporomoko. Picha ninayo, mchumba sina. Hangaikeni na watu jamani.

Kobe: Kwa nini wiki hii? Maji yanakimbilia wapi?

Mwana wa Mtoni: Aliyeipiga ni baba. Ameanza kusahau, juzi kaniita jina la marehemu mdogo wake. Ila akiishika ile picha anataja nani alisimama wapi na nani alipoteza kiatu. Nataka nimshushe mpaka chini kwenye mawe, asimame pale pale alipopigia.

Mama Wawili: Mzee anayesahau, kwenye mawe ya utelezi? Ndugu zako wanajua?

Mwana wa Mtoni: Wamekataa. Gari nimeshakodi, viatu nimeshamnunulia. Anayekesha naye ni mimi, si wao.

Neno Zito: Radhi ya mzazi haitafutwi kwa kumvunja kiuno.

Chumvi Kidogo: Hii ni chai. Jua likizidi nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, upinde unazama chini ya upeo. Jua la utosi, upinde unatoka wapi? Mtu anatafuta huruma humu.

Jicho la Tai: Kweli, kwa aliyesimama chini. Aliye juu akiinamia manyunyu anauona hata saa sita mchana. Mleta uzi, kwenye picha mnaonekana nyuso au utosi?

Mwana wa Mtoni: Ninayo mkononi. Utosi. Njia ya nywele za dada inaonekana yote hadi kisogoni. Sisi ndio tulikuwa chini, baba alikuwa juu ukingoni.

Chumvi Kidogo: Basi nimekuelewa. Pole mkuu.

Mama Wawili: Huko juu kuna uzio?

Mwana wa Mtoni: Upo wa chuma, na gari linafika.

Jicho la Tai: Basi beba kiti. Kamera mpe yeye, wewe mshike mkanda wa suruali.

Mama Wawili: Na dada yako aende. Asimame chini.

Mwana wa Mtoni: Nampigia sasa hivi.